Maswali yenu kuhusu takwimu za shule

Shule yetu imetoka mkiani hadi katikati ya wilaya ndani ya miaka miwili. Mwalimu mkuu anasifiwa kila kikao, lakini mimi roho haitulii. Nina wivu? (Mwalimu, Kilosa)

Labda. Ila kwanza fungua daftari la mahudhurio la darasa la sita la mwaka jana, uhesabu majina. Kisha hesabu waliofanya mtihani wa darasa la saba. Mwaka 2013, mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa ulipoanza kupanga shule kwa ufaulu, wachumi Cilliers, Mbiti na Zeitlin walifuatilia kilichotokea. Shule za mkiani wilayani zilipandisha ufaulu kweli. Na idadi ya watoto waliofika kwenye mtihani ikapungua. Asilimia hupanda ukifundisha, na hupanda pia ukimwondoa mapema asiyejua kusoma. Kwenye karatasi ya wilaya huwezi kutofautisha. Simtuhumu mkuu wenu. Hesabu majina, ndipo upige makofi.

NECTA, baraza la mitihani la taifa, iliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023. Si kuficha ukweli? (Mzazi, Mbagala)

Matokeo ya kila shule bado yako kwenye tovuti. Kilichoondoka ni orodha, na sikuililia: ilipambanisha shule inayochuja watoto getini na ya kata inayopokea kila aliyepangiwa.

Utafiti wangu wa uzamili unahusu wasichana waliorejea shuleni baada ya kujifungua. Nimeficha majina yao na ya shule. Inatosha? (Mwanachuo, Mwanza)

Haitoshi. Umeniandikia hapa "kidato cha tatu, binti wa mvuvi, amerudi 2022". Ruhusa yenyewe ilitolewa Novemba 2021. Waliorudi mwanzoni katika shule moja wanahesabika kwa vidole. Muuza vitumbua wa pale kijijini atamjua kabla hajamaliza sentensi yako. Futa kazi ya baba, changanya vidato. Sura ya nne, ile ya matokeo, itapoa kidogo, vumilia.

Mkuu wa shule amesaini ridhaa kwa niaba ya wanafunzi wote. Niendelee? (Huyohuyo)

Saini yake imekufungulia geti tu. Waulize wazazi, halafu watoto wenyewe. Mtoto anayegawiwa dodoso na mwalimu mwenye fimbo mezani hajakubali, ametii. Mwombe mwalimu atoke nje, weka boksi karibu na mlango, na waambie karatasi tupu nayo inapokelewa.