Usikifungue kitabu cha michoro kabla hujamaliza riwaya

Mfululizo wenyewe siutaji, maana nilivyomaliziwa utamu mimi sitaki nimmalizie mwingine. Ni zile riwaya za chuo cha mawe mlimani, maktaba inayofunguliwa usiku, uchawi unaosomewa kama sheria au udaktari, na wapenzi wawili wanaochukiana mpaka ukurasa wa 200. Ukizisoma Tukuyu mwezi wa sita, ukungu umeshuka tangu jioni na umeme umekatika, kazi ya kuwaza inabaki ndogo.

Nilikuwa nimemaliza kitabu cha pili kati ya vitatu nikaagiza na kile cha ziada chenye michoro: ramani ya chuo, sura za wahusika, barua zao, nembo za mabweni. Nikajidanganya kwamba nitaangalia picha tu. Katikati nikakuta mti wa ukoo, umechorwa kwa wino, jani kwa jani, na chini ya kila jina mwaka wa kuzaliwa na wa kufa. Kwa waliokuwa hai, nafasi ya pili iliachwa wazi. Ya yule kijana, mmoja wa wale wapenzi wawili, haikuachwa. Nikatoa mwaka wa kuzaliwa kwenye wa kufa: 23. Nikatoa tena, kama mtu anayehakiki chenji. Kitabu cha tatu nilikisoma kama anayemuuguza mtu ambaye daktari ameshakuitia pembeni.

Vitabu vya namna hii hutungiwa aliyemaliza, hata kama jalada halisemi. Mchoraji amepewa hadithi nzima. Kovu shavuni, pete kidoleni, kiti kitupu mezani, vyote vinasema. Ukishindwa kabisa kujizuia, tazama ramani peke yake, na hata hiyo iangalie kwa jicho moja isije ikawa na kaburi.

Halafu kuna suala la sura. Kichwani mwangu kijana yule alikuwa na rangi ya shemeji yangu wa Kyela na sauti ya mwalimu aliyenifundisha fizikia. Mchoraji akaniletea mtu mwingine, kidevu kama shoka. Sijamzoea mpaka leo.

Kabla ya kulipa, uliza uzito. Karatasi ya riwaya ya kawaida ni nyepesi, ya michoro si mchezo: kurasa 200 za ukubwa wa A4, kwa karatasi ya gramu 150 kwa mita ya mraba, zinakaribia kilo moja kabla hujaweka jalada gumu. Nauli ya kifurushi inaweza kukushangaza kuliko bei ya kitabu.

Changu kilitoka Dar kwa basi, kikafika stendi ya Nane Nane, Mbeya, kimelowa upande mmoja, mvua iliingia kwenye buti. Hapo ndipo nilipoharibu mwenyewe. Karatasi ile inayong'aa hupakwa udongo mweupe unaoitwa kaolini ili rangi zikae vizuri. Ikilowa, kurasa hugandana, na zikishakauka zimegandana ndiyo basi tena. Mimi nikakiegesha kando ya jiko la mkaa, kimefungwa hivyo hivyo. Kurasa nane za mabweni zikawa ubao. Nilitakiwa kupachika karatasi kavu kati ya kila kurasa zilizolowa, nizibadilishe kila zinaponyonya maji, na upepo upite. Kama muda huo sina, nikifunge vizuri kwenye plastiki nikiweke kwenye friza. Ya jirani anayeuza samaki ingefaa. Kikiganda kwa baridi hakiharibiki zaidi, unakishughulikia ukipata nafasi.

Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo hata kikifika kikavu, usikibananishe na ukuta wa nje. Kisimamishe, kipate hewa nyuma.

Mdogo wangu, binti wa mama mdogo, sasa anausoma mfululizo huo huo. Kitabu cha michoro nimekifunga kwa kaki, ile inayotengenezwa huku kwetu Mgololo, Mufindi, nikazungusha selotepu mara nne, nikakipandisha juu ya kabati. Kila akija anakitazama, halafu ananitazama mimi.

"Dada, kijana anaoa lakini?"

Nikamwambia akoroge uji, unaungua.