Mwarobaini umevamia shamba langu kando ya kaya, niufanyeje?

SWALI: Mtaalamu, shamba langu huku Kwale ni mchanga na mawe ya matumbawe, na linapakana na kaya, msitu mtakatifu wa Wamijikenda. Mwarobaini umejaa kila pembe. Nikiukata, unachipua maradufu. Nataka kurudisha miti ya asili. Nichome moto? Na mbegu naweza kuokota humo kayani?

JIBU: Moto usiuwashe kabisa, ndugu yangu. Mwarobaini huchipua tena kutoka mizizini hata juu kukiungua, na upepo ukigeuka utakuwa umeichoma kaya.

Miche michanga ing'oe mvua ikinyesha, ardhi ikiwa laini. Mti mkubwa ukate chini kabisa, bambua gome la kisiki mpaka mizizini, kisha kila machipukizi yakitokeza yapukute. Ni kazi ya misimu, si ya siku moja. Anza na inayozaa, maana ndege na popo hula matunda na kusambaza mbegu hadi ndani ya kaya. Usifyeke shamba lote kwa mpigo, lantana, kichaka kingine kivamizi, itakuwahi. Fungua kipande, panda, ndipo uendelee.

Kayani usiokote hata kijiti kabla ya kuonana na wazee. Miiko hiyo ya kutokata wala kutoa kitu ndiyo iliyoiacha misitu ya Wamijikenda imesimama huku pande zote zikilimwa, hata UNESCO ikaiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008. Tena wazee ndio watakaokwambia miti gani ilikuwa hapo kwako. Mbegu tafuta kwenye miti mikongwe iliyosalia mashambani.

Mbambakofi na mkwaju ni mwanzo mzuri. Mbegu ya mbambakofi ni nyeusi, imevaa kofia nyekundu. Ganda lake ni gumu kwelikweli. Isugue juu ya jiwe upande usio na kofia mpaka weupe uonekane, uiloweke usiku kucha. Mvule usiupande peke yake juani: kuna kidudu kinachofanya machipukizi yavimbe na mche udumae. Uchanganye na miti mingine, kivulini. Hapo hata mwarobaini uliobaki unafaa kwa muda, mradi uukate matawi kabla haujazaa.

Panda masika yanapoanza. Ukanda unaogusa kaya usipande kitu. Ng'oa mwarobaini tu na uzuie mbuzi, mbegu za msituni zitaingia zenyewe.