Chati ya nyota kwenye makao ya watoto

Dada, umeuliza kama uendelee na chati ya nyota, ile karatasi ya ukutani ambapo mtoto hupewa nyota akifanya vizuri, ilhali mtoto wa miaka 11 akikosa nyota anavunja vitu. Mimi ningeitoa ukutani leo. Kushindwa kwake kusisomwe na nyumba nzima. Zawadi husaidia kwa jambo dogo analoliweza tayari, kama kupiga mswaki bila kusukumwa, na apewe papo hapo, si kungoja Jumamosi. Akishaipata, msimnyang'anye kwa kosa la jioni. Chakula, simu kwa mama yake na kutembelewa na ndugu visiwe zawadi kamwe! Hizo ni haki zake. Akilipuka, kaa karibu naye, sauti chini, hadi atulie. Kisha andikeni saa na kilichotangulia. Pengine ni simu ya nyumbani aliyoingoja isipigwe.