Gitaa Moja, Amplifaya Mbili: Mvumo Unatoka Wapi?

SWALI: Napiga gitaa kanisani na tuna amplifaya mbili, moja kila upande. Nimegawa sauti kwa waya wa Y. Kila amplifaya ikiwa peke yake iko shwari, lakini nikichomeka zote mbili unakuja mvumo mzito hata nisipogusa nyuzi. Nimebadilisha waya zote, wapi. Nifanyeje?
— Mwanakwaya, Sakina, Arusha

JIBU: Waya zako hazina kosa. Kila amplifaya imeshaungana na ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini) kupitia plagi yake, halafu wavu wa nje wa waya wa gitaa unaziunganisha tena kwa njia ya pili. Umefunga duara: ukutani, amplifaya ya kwanza, waya wa Y, amplifaya ya pili, ukutani tena. Umeme mdogo sana unazunguka humo, lakini hata milivolti moja inayobaki kwenye wavu amplifaya inaipokea kama sauti ya gitaa na kuikuza.

Hakikisha kwanza. Shusha voliumu ya gitaa hadi sifuri. Mvumo ukibaki vilevile, na ukakatika unapochomoa waya wa sauti wa amplifaya moja, ni duara hilo. Ukiondoka voliumu inaposhuka, na ikiwa juu unabadilika ukijigeuza na gitaa lako, hizo ni pikapu za koili moja zinadaka taa za tyubu au transfoma ya jirani. Sikio nalo linasaidia. Mvumo wa duara unafuata umeme wetu wa hezi 50, chini kabisa ya uzi wa sita ulioachwa wazi, ambao ni hezi 82. Ukisikia mlio wa juu kidogo ya G ya freti ya tatu kwenye uzi huo, hiyo ni hezi 100, na mara nyingi ni kapasita zilizochoka ndani ya amplifaya. Hiyo mpelekee fundi, boksi la kugawia sauti tunalolieleza hapa chini halitasaidia.

Dawa ya bei rahisi: chomeka amplifaya zote mbili kwenye ekstensheni moja ya waya tatu, kutoka soketi moja. Duara linakuwa dogo na pengine unapona hapo hapo. Usipopona, tenganisha sauti kwa transfoma, inayoipitisha bila waya za pande mbili kugusana.

Tafuta transfoma ya sauti ya 1:1, kiloomu 10 kwa kiloomu 10. Usiiunge moja kwa moja na gitaa, maana pikapu zitalemewa na sauti itafifia. Mbele yake weka bafa, yaani saketi ndogo inayopokea sauti bila kuzilemea pikapu, ya aisii (chipu) TL072 na volti 9. Gitaa linaingia kwa kapasita ya nanofaradi 100 hadi mguu wa 3, na resista ya megaomu 1 inatoka mguu huo hadi nusu ya umeme (resista mbili za kiloomu 10 na kapasita ya mikrofaradi 47 kwenda hasi). Unganisha mguu wa 1 na wa 2, kisha upeleke pia kwenye wa 5. Unganisha wa 6 na wa 7. Mguu wa 8 ni chanya, wa 4 ni hasi. Kutoka wa 1, pitisha resista ya omu 100 na kapasita ya mikrofaradi 10: hiyo ni njia A. Kutoka wa 7, pitisha vilevile hadi transfoma: hiyo ni njia B. Chanya ya kapasita hizo mbili ielekee kwenye aisii.

Jeki ya kuingilia na ya A zinaweza kuwa za chuma. Ya B lazima iwe ya plastiki, isiguse boksi popote. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika: nati ya chuma inafunga lile duara upya, na transfoma inabaki pambo. Boksi lenyewe usiliweke juu ya amplifaya, litadaka sumaku ya transfoma kubwa. Liache chini, mbali kidogo.

Zikilia pamoja sauti ikakonda na besi ikapotea, amplifaya moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Geuza waya mbili za upande wa kutokea wa transfoma.

Mtu akikwambia utumie lile boksi la DI (la kupeleka sauti ya gitaa kwenye mikisa) lililo kanisani, kumbuka kwamba jeki yake ya kupitishia kwa kawaida imeungwa moja kwa moja na ya kuingilia. Kinachotenganishwa ni njia ya kwenda mikisa tu.

SWALI: Fundi amenikatia ule mguu mrefu wa plagi ya amplifaya moja. Mvumo umekwisha. Kuna ubaya?
— Msomaji, Pasua, Moshi

JIBU: Ubaya mkubwa. Leo amplifaya hiyo inaazima ethi ya mwenzake kupitia waya wa gitaa. Siku waya huo ukichomoka na ndani kuna hitilafu, bodi ya chuma inapata volti 230, nawe unaigusa kwa mkono huku mdomo uko kwenye maiki. Mguu mrefu pia ndio unaofungua vifuniko vya matundu ya soketi, kwa hiyo sasa lazima unachokonoa kwa kalamu. Weka plagi mpya.

Kisha, waya wa gitaa ukiwa umechomolewa, pima volti za AC kati ya chuma cha amplifaya moja na cha nyingine. Ethi ikiwa nzima utaona chini ya volti 1. Ukiona makumi ya volti, moja haina ethi. Mwite fundi umeme aipime, na fimbo ya ethi pia, hasa kiangazi, maana udongo mkavu hupitisha umeme vibaya. Mvumo uliobaki unauondoa upande wa sauti, kama tulivyomjibu mwenzako wa Sakina.

SWALI: Pedali yangu ya korasi ina matundu mawili ya kutokea. Bado nahitaji bafa?
— Msomaji, Usa River

JIBU: Bafa hapana, pedali ikiwashwa inaendesha transfoma bila shida. Transfoma ndiyo, kwenye tundu moja, kwa sababu hasi ya matundu yote mawili ni moja. Ila kama ni pedali ambayo ikizimwa hupitisha gitaa moja kwa moja bila bafa, sauti ya upande wa transfoma itafifia kila ukiikanyaga kuizima.