Homa imeshuka kwa Panadol, usiku ikarudi: nimpeleke hospitali au nisubiri?

Swali: Daktari, shikamoo. Mwanangu wa kiume ana mwaka mmoja na miezi minane, na kliniki mara ya mwisho alikuwa na kilo 11. Jana jioni alianza kuchemka, kipimajoto cha kwapani kikasoma 38.9. Nikampa kijiko kimoja cha Panadol ya maji, joto likashuka hadi 37.8, akacheza kidogo. Saa saba usiku likapanda tena. Bibi yake anasema nimfunike atoe jasho, jirani anasema nimwogeshe maji ya baridi asije akapata degedege, na kabatini zimo dawa mseto alizobakisha kaka yake. Anakunywa na ananyonya, ila chakula hataki. Nifanye nini, na nitajua vipi kwamba ni wakati wa kukimbilia hospitali? – Mama wa Muheza, Tanga

Jibu: Marahaba, mama. Mtoto anayekunywa, anayenyonya na kukutazama usoni unapomwita anaweza kungojewa hadi kukuche, lakini si zaidi ya hapo. Asubuhi mpeleke zahanati atobolewe kidole apimwe malaria, hata kama ameamka hana joto. Muheza kuna malaria, na Panadol hushusha joto tu, haigusi vimelea. Malaria ya mtoto mdogo inaweza kugeuka kuwa kali ndani ya siku moja: damu ikapungua, sukari ya mwilini ikashuka, ugonjwa ukapanda ubongoni. Kwa hiyo kucheza kwake baada ya dawa kukutulize moyo, lakini kusikuzuie kwenda kumpima.

Zipo dalili nne ambazo hata moja ikitokea usingoje alfajiri, unaondoka usiku huohuo: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila anachopewa, hata maji, amepata degedege katika homa hii, hata kama limekwisha na sasa amelala, au amelegea, haamki vizuri, macho yako wazi lakini hafuati kitu. Dalili hizo zina uzito kuliko namba ya kipimajoto. Mtoto mwenye 37.5 asiyeweza kunyonya ni mgonjwa kuliko mwenye 39.5 anayedai maji.

Ongeza hapo shingo iliyokakamaa, viganja vya mikono vilivyopauka ukilinganisha na vyako, mkojo wenye rangi ya chai ya rangi au Coca-Cola, na vipele vya rangi ya damu ambavyo ukivibonyeza havififii. Kwa ngozi zetu nyeusi vipele hivyo huonekana vizuri zaidi kwenye viganja, nyayo na ndani ya kope. Mtoto mwenye selimundu, mwenye utapiamlo mkali, au mchanga wa chini ya miezi miwili asingojewe kabisa: akipata homa, anapelekwa saa hiyohiyo.

Kupumua nako kunahitaji macho yako. Mfunue kifua akiwa ametulia au amelala, maana akilia hesabu haina faida. Weka simu yenye saa pembeni, tazama kifua na tumbo vinavyopanda, uhesabu dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa sababu pumzi za mtoto haziendi kwa mpangilio mmoja. Kwa umri wake, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni kupumua haraka, na huenda ni nimonia. (Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, mpaka ni 50.) Kisha angalia chini ya mbavu: anapovuta hewa, sehemu hiyo ikibonyea ndani badala ya kutanuka, aende mara moja, hata kama hesabu yako haikufika 40.

Sasa dawa. Parasetamoli, yaani dawa iliyo ndani ya Panadol, hupimwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Kilo 11 ni miligramu 110 hadi 165 kwa dozi moja. Soma chupa kabla ya kumimina, kwa sababu zipo za nguvu tofauti. Kama imeandikwa 120 mg/5 ml, mpe mililita 6. Kama ni 250 mg/5 ml, mililita 3 zinatosha, na ukimpa 6 umemzidishia mara mbili. Ukikosa ya maji, robo ya kidonge cha miligramu 500, iliyosagwa kwenye maji kidogo, ni miligramu 125. Mpe kila baada ya saa 6 akiwa bado na joto linalomsumbua, na isizidi mara 4 kwa saa 24. Andika saa ya kila dozi kwenye karatasi, maana usiku wa homa mama na bibi wanaweza kumpa wote wawili bila kuambiana. Parasetamoli ikizidi huharibu ini, na dalili zake huchelewa kuonekana. Dawa nyingi za mafua za watoto zina parasetamoli ndani yake. Usimpe pamoja na hii.

Kijiko cha jikoni kiache. Vijiko vya chai hutofautiana sana kwa ujazo. Duka la dawa litakupa bomba la sindano lisilo na sindano, la mililita 5 au 10. Tikisa chupa vizuri kwanza, la sivyo dawa inabaki imetuama chini: dozi za mwanzo zinakuwa maji matamu na za mwisho zinakuwa kali. Mkalishe, lenga ndani ya shavu, sukuma kidogokidogo. Usimlaze chali wala kumbana pua. Akitapika kabla ya nusu saa, rudia dozi mara moja. Baada ya hapo usirudie.

Na usivunjike moyo joto lilipobaki 37.8 kisha likarudi. Dawa hii kwa kawaida hupunguza nyuzi 1 hadi 1.5, na nguvu yake huisha baada ya saa 4 hadi 6. Joto kurudi saa saba usiku maana yake ni kwamba dozi ya jioni ilikuwa imekwisha. Kazi yake ni kumwondolea mtoto maumivu ili anywe na apumzike. Akiwa amelala vizuri, usimwamshe kwa ajili ya Panadol. Mguse tu shavu uone anashtuka na kugeuka kama kawaida yake.

Aspirini usimpe kabisa. Ibuprofeni na diklofenaki ziache mpaka ijulikane ana nini: Tanga ilikuwa na mlipuko wa dengi mwaka 2019, na kwa mgonjwa wa dengi dawa hizo huongeza hatari ya kuvuja damu. Pia huumiza figo za mtoto aliyepungukiwa maji.

Bibi ana sababu ya kutaka kumfunika. Joto linapopanda mtoto hutetemeka na mikono yake huwa ya baridi, ukadhani anahitaji blanketi. Wakati wa kutetemeka mfunike kanga moja nyepesi. Mtetemo ukiisha, mfunue umwache na nguo nyepesi ya pamba, dirisha wazi, ndani ya chandarua. Blanketi zito linazuia joto lisitoke. Maji ya baridi nayo yanafanya kinyume cha anachotaka jirani: mishipa ya ngozi inajibana, mtoto anatetemeka, na kutetemeka huko kunazalisha joto jipya ndani. Ukitaka kumwogesha, tumia maji ya vuguvugu, nusu saa baada ya dawa, na uache akianza kutetemeka. Spiriti usimpake. Inapenya ngozi na inaweza kumshushia sukari.

Kuhusu chakula, siku mbili za kukataa ugali hazimdhuru. Kinachomdhuru ni kukosa maji. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na katikati mpe maji safi, uji mwepesi au dafu, vijiko vichache kila dakika chache. Akitapika, ngoja dakika 10 uanze tena polepole. Akiwa anaharisha, changanya ORS kama pakiti inavyoelekeza, kwa kawaida pakiti nzima kwa lita moja kamili ya maji safi na salama. Pakiti moja kwenye glasi ni chumvi nyingi mno kwa mtoto. Macho yakizama, mdomo ukikauka, au saa 8 zikipita hajakojoa, mpeleke.

Degedege la homa huwapata watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5, na si kuogesha wala Panadol inayoweza kulizuia kwa uhakika. Likitokea, angalia saa. Mlaze kwa ubavu chini, mbali na jiko na kingo za kitanda, legeza nguo shingoni. Usimtie kijiko, kidole wala dawa mdomoni. Meno yanavunjika na dawa inaingia kwenye mapafu. Usimbane mikono ili atulie. Likipita dakika 5 ni dharura, tafuta usafiri likiwa bado linaendelea. Likiisha mapema bado unampeleka hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu malaria iliyopanda ubongoni huanza vilevile na nyumbani huwezi kuzitofautisha. Utasikia kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa, au afukizwe kwanza ndipo aende hospitali. Tafadhali mama, usiikubali kauli hiyo. Sindano ya artesuneti ndiyo inayookoa mtoto mwenye malaria kali, na muda unaopotea kwenye kufukiza ndio unaoua.

Dawa mseto za kaka yake zisiguswe. Huna jibu la kipimo, na vidonge vilivyobaki havitimizi dozi: vitashusha homa siku moja, vimelea vibaki. Kama ameshapewa chochote, mwambie mhudumu waziwazi, hakuna wa kukugombeza. Kipimo kikionyesha malaria isiyo kali, mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa ALU (ndiyo dawa mseto ya malaria) kidonge 1 mara mbili kwa siku kwa siku 3, jumla vidonge 6. Dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza, zinazofuata ni asubuhi na jioni. Mpe pamoja na maziwa au uji wenye karanga, kwa kuwa dawa hii hufyonzwa vizuri ikikutana na mafuta. Akiitapika ndani ya saa moja, arudiwe dozi, na urudi zahanati kuchukua kidonge cha kufidia.

Kipimo kikiwa hasi, mwombe mhudumu amwangalie masikio, koo, kifua na mkojo, badala ya kuondoka na ALU ya kubahatisha. Beba kadi ya kliniki: kwa umri wake anatakiwa awe amepata chanjo zote mbili za surua, ya miezi 9 na ya miezi 18. Beba pia chupa ya dawa na ile karatasi ya saa. Kama safari ni ndefu na anameza vizuri, mnyonyeshe kabla ya kuondoka, au mpe mililita 30 hadi 50 za maji ya sukari, vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa kwenye kikombe cha mililita 200, sukari yake isishuke njiani.

Homa ikiendelea siku 2 baada ya kuanza matibabu, au baada ya kipimo hasi, rudi. Dalili ya hatari ikitokea, rudi mara moja bila kuhesabu siku. Ikirudi wiki mbili tatu baada ya kumaliza ALU, omba apimwe kwa darubini, kwa sababu kipimo cha haraka kinachotumika zaidi hunasa protini ya vimelea inayobaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea vyenyewe kufa.