Umepelekwa Kaskazini? Soma Hii Kabla ya Kufunga Sanduku

Wewe askari unayetoka chuo cha polisi cha Kiganjo na barua ya kwenda Garissa, Wajir au Mandera, acha kuulizia joto. Joto utalizoea. Nunua madumu ya maji, na gari lisitembee usiku bila sababu, maana mabomu hutegwa barabarani.

Kitakachokushinda ni ukimya. Land Cruiser ikiingia kijijini, watu wananyamaza. Usiudhike. Enzi za mkoloni huku kuliitwa NFD (Northern Frontier District, yaani wilaya ya mpaka wa kaskazini), na hukuingia wala kutoka bila kibali. Uhuru ulipokuja, vikafuata vita vya Shifta, waasi waliotaka eneo hili lijiunge na Somalia, na sheria ya hali ya hatari, ambayo haikuondolewa hadi 1991. Mzee unayemhoji huenda alifiwa katika mauaji ya Wagalla, Wajir, yaliyofanywa na vikosi vya serikali Februari 1984. Sare yako ni mpya kwako tu.

Kwa hiyo salimia kwanza, kwa Kisomali au Kiborana ulichookota, kisha keti unywe chai ya maziwa ya ngamia. Nilipata habari nyingi mkekani kuliko ofisini. Ngamia wakiibwa, ondoka saa hiyo hiyo na mwenyeji anayesoma nyayo, kabla upepo haujazifuta. Na mkiwapata, chapa ya ukoo mzee ataitambua akiwa mbali, wewe bado unapangusa miwani.

Halafu kuna maslaha, usuluhishi wa kimila. Wazee wanakaa, mifugo inalipwa, kesi imekwisha. Azimio la Modogashe la 2001, makubaliano ya amani ya huku kaskazini, liliweka hata kiwango: ng'ombe au ngamia 100 kwa mwanamume aliyeuawa, 50 kwa mwanamke. (Hiyo nusu iliniudhi siku zote.) Ndiyo maana siku ya kesi unasimama kortini peke yako, shahidi haonekani. Kwa wizi wa mbuzi sina ugomvi na maslaha. Mali inarudi, na kisasi kinazuiwa kabla hakijaanza.

Lakini msichana akibakwa, usikubali kabisa lile neno, "Afande, hayo tumeshamaliza." Mwakilishi wa wadi atakupigia simu. Mzee uliyekunywa chai kwake atakuja kituoni na fimbo yake, kwa upole mwingi. Mheshimu, mpe kiti, na kazi iendelee: andika kwenye OB (kitabu cha matukio cha kituo), msichana afike hospitali siku hiyo hiyo, fomu ya P3, ile ya ushahidi wa daktari, ijazwe, na mama yake aandikishe taarifa kabla wazee hawajakaa. Wakishakaa, hutapata mtu wa kutia sahihi.