Majani kabla ya mizizi
Ukipanda vijiti vya mtini (mti wa matunda ya tini) ili viote, vikatoa majani halafu vikanyauka, shida ni kwamba mizizi bado haipo kabisa, yale majani yanakula akiba ya kijiti tu, so usimwagie maji kila siku vitaoza. Kata vijiti mti ukiwa umelala, yaani kipindi cha baridi, sm 20 hivi, unene wa penseli, macho (vifundo vya kuchipua) 3 au 4, fukia macho mawili kwenye udongo mwepesi wenye unyevu kidogo na uweke ndani penye nyuzi 20 hadi 25. Mimi napenda kopo la plastiki linaloonyesha, toboa chini, utaona mizizi myeupe ikigusa ukuta, raha sana aisee! Aina tafuta Chicago Hardy, inavumilia baridi, ila ikiwa bado changa iingize ndani baridi ikikaza.